Pointi

Bi Zena Shee alilileta Jumanne, mapema,
Kobe la mwaka sabini na moja, rangi ya maziwa yaliyolala,
pedeli mbili tu, ya mafuta na ya breki.
Ya klachi haipo, wala haikuwahi kuwapo.
Ukigusa mti wa gia, gari lenyewe hukata klachi;
ukiuachia, hushika.
Waliolitengeneza waliamini
kwamba mkono haugusi kitu ila umekusudia.

"Linanipiga kichwa," akasema.
"Kutoka moja kwenda mbili, kama punda aliyeona nyoka.
Na saa nyingine njia nyeupe, sijafanya lolote,
linaniacha, kisha linanirudia kwa kishindo."

Nikavuta kijiti: mafuta yapo, mekundu, hayanuki kuungua.
Nikalala chini, nikautikisa mkono wa klachi.
Haukulegea.
"Giaboksi imekufa, fundi," akasema Thoya.
Kwa Thoya kila kitu kimekufa.
Wiki iliyopita alizika betri nzima
kumbe waya tu umechomoka.

Nikakata kipande cha mpira wa bomba,
ncha moja sikioni, nyingine nikaitembeza injini ikinguruma,
maana klachi hii haisukumwi na mguu,
huvutwa na ombwe, na penye tundu
nguvu yote humwagika uani.
"Shuka," akasema Bi Zena, amekalia ndoo iliyopinduliwa,
mkunga miaka thelathini na miwili.
"Hapo ni tumbo la mama tu. Mtoto yuko chini, kushoto."
Nikashuka. Kushoto.
Sssss.

Ufa mwembamba kama ukucha. Chumvi imekula mpira.
Nikaweka mwingine. Nikafungua na kitako cha mti wa gia,
nikazisugua pointi kwa msasa uliochoka,
nikazipuliza.

Tukatoka kujaribu, yeye usukani, mimi kando,
barabara ya Lamu. Moja.
Mbili, kama kisu katika halua.
Nikajipongeza kimoyomoyo hadi karibu na daraja la Sabaki,
pale njia inyookapo:
injini ikapiga ukelele, nguvu ikakatika,
ikarudi, kidevu changu kikagonga kifua.
Tena. Na tena.

Nikatazama mishale ya mbele. Nikatazama moshi kiooni.
Mwisho, kwa kukosa pengine pa kutazama,
nikautazama mkono wake wa kushoto
umelazwa juu ya kirungu cha gia
unatetemeka.
Si sana. Kama kifuniko cha sufuria
maji yakikaribia kuchemka.
Na kila ukitetemeka gari linaitika,
kata, shika, kata, shika,
linautii mkono uliopokea nusu ya Muyeye,
Thoya akiwamo.

Akasimamisha kando. Chini mto ulipita na udongo wake.
"Umeona?"
"Nimeona pointi, Bi. Zimekaribiana mno."
Haukuwa uongo.
Haukuwa kweli yote.

Gereji nikafungua tena.
Kitabu kinataka robo ya milimita.
Nikaziachanisha zaidi, unene wa kadi ya kliniki
iliyokunjwa mara moja,
hata gari lisisikie ila mkono unaosukuma.
Thoya akanishikia tochi. Hakuuliza,
na Thoya huuliza.

Risiti: mpira, mia mbili hamsini. Kazi, mia nane.
Bi Zena akaisoma kwa mbali, kama wasomavyo wenye macho ya uzee,
karatasi ikicheza vidoleni.
"Pointi hukuziandika."
"Zile ni kazi ndogo, Bi."
"Andika. Nilikokuwa mimi, kisichoandikwa hakikutendeka."
Nikachukua kalamu.
Pointi, nikaandika, zimeachanishwa.
Akaikunja, akaitia kwenye mkoba,
akaniuliza kama mpira ule wa zamani naweza kumpa.

Tukasimama na Thoya tukisikiliza.
Moja. Mbili.
Kwenye kona ya msikiti, breki.
Moja tena.