Mistari ya Lutufyo

Limeshushwa Vingunguti saa tatu asubuhi,
trekta la Mbarali, matope ya majaruba
yamekaukia kwenye rimu kama ukoko wa wali.
Karatasi imefungwa kwa waya kwenye usukani:
*Linatembea nyoka nyoka. Tumeweka vali mpya, bado nyoka.
Dereva tumeshamwondoa.*

Sentensi ya mwisho nimeisoma mara mbili,
nikaikunja, nikaitia mfuko wa ovaroli.

Anza na rahisi, humwambia Kizwalo anayejifunza kwangu;
usimkamate mwizi kabla hujahesabu kuku.
Basi tukahesabu. Mafuta ya haidroliki yapo,
hayana povu, hayanuki kuungua.
Chujio safi. Betri haina neno.
Antena imekaza juu ya paa; setilaiti kumi na nne
zinatuona hapa, sisi na harufu ya machinjio.

Tukazima ile akili. Nikalishika kwa mikono
toka getini hadi ukuta wa jirani:
limenyooka kama uzi wa mwashi.
Kwa hiyo pampu haina kesi, silinda haina kesi.
Anayepinda ni yule anayeshika usukani bila mikono.

Tukalirudishia akili yake, likiwa baridi.
Limenyooka.
Kizwalo akacheka: limepona, limeogopa Dar.
Nikamwambia panda, bana usukani hadi mwisho,
achia, bana tena, mpaka mafuta yapate moto.
Mimi nikanywa chai ya Mama Sijaona, nimesimama.
Dakika arobaini. Likaanza:
kushoto kidogo, kulia kidogo, kushoto zaidi,
kama mtu anayetafuta kiatu gizani.

Nikaingia chini na mita.
Sensa ya pembe, pale kwenye gurudumu la mbele,
magurudumu yakitazama mbele isome volti mbili na nusu.
Inasoma mbili nukta tatu. Mbili nukta saba. Haitulii.
Ubongo unaambiwa gurudumu limepinda, unalinyoosha;
na kilichonyooka ukikinyoosha, unakipinda.
Vali inatii. Mafuta yanatii. Hakuna muasi humu.
Kuna mwongo mmoja tu, naye hajui kwamba anaongopa.

Nikafuta matope kwa kidole.
Kwenye kiungo cha mkono wa sensa, mahali pa bushi,
pana kipande cha tyubu ya baiskeli
kimezungushwa mara tatu, kikafungwa waya wa shaba,
fundo limekazwa kwa mkono wa kushoto.

Mimi ni mashoto.

Mwaka juzi, masika, nilikwenda Mbarali mwenyewe.
Bushi ilikuwa haipatikani hata Gerezani.
Nikasema hii itavusha msimu.
Nikalipwa, nikala ubwabwa wao, nikasahau.
Misimu imevuka mitatu.
Paipu ya mafuta inapita juu yake, na mpira
ukipigwa joto hulegea; baridi ikirudi, hukaza,
jioni wakaguzi wakija, unakuta umeshajitetea.

Bushi ni elfu nane. Kizwalo kaifuata kwa bodaboda.
Tumeweka. Volti mbili na nusu, imetulia kama maji ya mtungini.
Tumelipeleka, tumelirudisha, baridi, moto, moto zaidi;
vumbi la yadi limebaki na mistari
ambayo mtoto angeweza kuandikia.

Tajiri nimempigia. Nikauliza jina la dereva.
"Lutufyo? Yule mlevi? Amenipindia ekari sitini."
Nikamwambia hakupinda yeye.
Nikamwambia nani.
Akakaa kimya kama mtu anayetafuta kalamu,
kisha akauliza bili.

Bushi moja, elfu nane. Ufundi nimepiga mstari.
Kizwalo ananawa kwa sabuni ya unga, ananyoosha mkono:
nikatupe hicho? Nimemwambia acha.
Ninacho kiganjani, chepesi, kina harufu ya dizeli,
na simu iko sikioni, na sijui
huanzwa na pole au na habari za asubuhi.
Inaita.