Hesabu ya Mkonga

Kaka yangu Bugumba aliuza kiwanja cha Buswelu,
kile chenye jabali katikati, mama alikoanikia udaga,
akakopa zilizopungua,
akaleta nyumbani gari lenye pua ya tembo.

Milioni mia na arobaini na tano.
Niliandika kwa tarakimu, nikaandika na kwa maneno,
kama hundi,
nisije nikadhani nimekosea sifuri.

Mimi ndiye mtunza daftari wa nyumba hii.
Bei hiyo ni bodaboda hamsini.
Ni ng'ombe mia na themanini,
mkia kwa pembe kutoka Igoma hadi mnadani Kisesa,
na kila mwaka wangezaa.
Mkonga hauzai.
Mkonga unakunywa.

"Nyanzobe, hujaelewa," anasema.
"Hili halikununuliwa kwa ajili ya lami. Gonga hapa."
Nikagonga boneti. Mkono ukauma.
"Chesisi yake ni reli. Difu inafunga mbele na nyuma.
Matangi mawili: unatoka hapa Mwanza
unafika Loliondo hujamwomba mtu dizeli."
Loliondo tuna nani? nikauliza.
Hakujibu. Alikuwa anapangusa kioo
kwa shati lake la Pasaka.

Mwaka wa kwanza lilikodiwa siku sitini na mbili.
Wapima barabara.
Watafiti wa dhahabu kule Geita, waliolipa nusu,
na nusu nyingine bado wanaichimba.
Harusi nne.
Siku zilizobaki lilikaa chini ya turubai,
shangazi akianika kanga kwenye mkonga.
Nilicheka. Kisha nikajumlisha, nikaacha kucheka.

Usisubiri nikusimulie mjamzito aliyeokolewa usiku wa mvua.
Hakuwepo. Angekuwepo ningemwandika.
Kilichokuwepo ni Aprili, tunarudi kudai deni Magu,
na kijito kisicho na jina
kimekuwa mto kwa muda wa saa moja.
Huku na ng'ambo magari yamepanga foleni,
lori la mchele, vigari vya watu wenye akili timamu.
Bugumba akafunga difu, akatia gia ndogo,
hakunitazama.

Maji yakapita ringi, yakalala juu ya boneti,
yakaingia mlangoni yakaniosha vidole,
daftari nimelibeba kichwani.
Na injini, ndugu yangu, haikupandisha sauti.
Ilivuta hewa kule juu puani, taratibu,
kama kiboko anayevuka na hana miadi,
hadi tope la upande wa pili likatupokea.
Nilimtazama kaka. Uso ule niliuona mara ya mwisho
siku baba alipomwachia plau aishike peke yake.

Sasa niandike nini?
Mapato: hakuna.
Matumizi: dizeli, lita ishirini.

Na usidhani yameishia hapo.
Siku ya tatu, mbuga ya Kwimba, ule udongo mweusi
usiojali umenunuliwa kwa shilingi ngapi,
ukalimeza hadi milangoni, difu zimefungwa zote.
Likakaa kama kuku anayeatamia.
Akaja Mhoja na maksai sita na mnyororo,
akalizunguka, akapiga mluzi, akataja elfu sitini.
Tulilipa.
Maksai nao hawakupandisha sauti.
Hiyo nimeiandika, na jina la maksai wa mbele: Jeshi.

Leo amekuja mnunuzi kutoka Shinyanga.
Amelala chini ya gari nusu saa na tochi mdomoni,
ameinuka na vumbi mgongoni, ametaja mia na thelathini.
Kigari cha teksi kwa miaka hiyo kingekuwa chuma chakavu.
Bugumba amekaa kimya, ananiangalia mimi,
maana daftari ni langu,
na mdomo uliosema "uza" miaka miwili ni wangu pia.

Nimemwambia mgeni arudi kesho.
Kisha nimeomba ufunguo.
Sijui kuendesha.
Nimeketi tu upande wa usukani, mlango wazi,
wingu linajikusanya upande wa ziwa,
nikaiweka miguu pale maji yalipofika.