Fidla ya Marehemu

Walikuja watu watano kwa gari la kuazima,
theluji imewakaa mabegani,
na katikati yao, kama mtoto mwenye homa,
fidla iliyoviringishwa blanketi.
Mama Aurica ndiye aliyeifungua.
"Marehemu aliniambia: siku mkikwama, uzeni hii.
Mtapata nyumba, na chenji ibaki."

Fundi Teofil hakujibu.
Aliipeleka dirishani,
akachungulia tunduni kwa kile kioo chake kidogo
alichokinunua kwa daktari wa meno,
akapitisha ukucha ukingoni.
Mimi, mwanagenzi wake wa mwaka wa tatu,
nilikiona alichokiona:
pale panapopachikwa uzi mwembamba wa mbao
palikuwa pamechorwa mstari wa wino.

Nikaomba moyoni aseme njooni kesho.
Aseme iacheni kwanza niichunguze.
Au akohoe tu.

"Ya kiwandani," alisema.
"Zilitoka hivi maelfu kwa maelfu.
Hiyo karatasi ya ndani, hilo jina kubwa la Kiitalia,
lilipigwa chapa siku moja na bei.
Mtapata pesa ya kuni.
Kuni za baridi hii, si za mwakani."

Basi.

Husemwa ukweli unauma. Sikuuona ukiuma.
Niliuona ukiingia kama mgeni asiyevua viatu,
na kila mmoja akainama
kutazama zulia lake.

Costel, kifungua mimba, alicheka,
kisha akauliza fundi amelipwa na nani.
Mkewe alihesabu kitu kwa vidole,
akarudia kuhesabu, akaacha.
Nelu alitoka nje kuvuta sigara;
nilimwona kupitia kioo, ameibana mdomoni,
hajaiwasha.
Smaranda, wa miaka tisa, akauliza:
"Kwa hiyo babu alikuwa mwongo?"
na ghafla wote wakawa na shughuli na vifungo vya makoti.

"Nilijua," alisema Mama Aurica,
akilikunja blanketi pembe kwa pembe.
"Aliinunua mnadani, Jumanne, mvua inanyesha.
Mwavuli niliushika mimi."

Costel akageuka. "Sasa umetuburuta huku kwa nini?"

"Nilitaka aseme mtu ambaye hakumpenda.
Mimi ningeanzia wapi?
Aliipiga vibaya kila jioni, miaka arobaini,
na kila jioni aliniuliza, umesikia?
Nikamwambia nimesikia."

Waliondoka nayo. Kuni hawakununua.

Usiku ule tulibaki wawili, gundi inachemka,
kiko chake kimezimika, hakukumbuka kukiwasha.
"Mkono wangu wa kulia," alisema. "Umeuona?"

Nilikuwa nimeuona.
Tangu mavuno ya plamu patasi inamcheza vidoleni,
na mara tatu, yeye akiwa amelala,
nimerudi na taa kunyoosha alichokipinda.

"Una nini mkono wako?" nikasema. "Sijaona kitu."

Akanitazama kitambo,
vile alivyoitazama fidla pale kwenye mwanga.
Nadhani alifika kwenye wino.
"Funga dirisha," akasema, "baridi inaingia."

Nikainuka, nikaenda,
nikaligusa komeo
la dirisha lililokuwa limefungwa tangu mchana.