Pointi Elfu Mbili na Kumi na Nane

Kadi ya bluu bado ninayo,
kati ya kitambulisho na kadi ya bima,
jina langu kwa herufi zilizoinuka:
NYEMO CHISONGELA, MTEJA WA DHAHABU.
Ndani yake zimo pointi elfu mbili na kumi na nane
ambazo hakuna wa kuzipokea.

Walikuja mwezi wa sita, upepo ukiwa wembe,
wakafungua kona ya Ilazo
mlango unaojifungua wenyewe kana kwamba umekufahamu.
Shamiri. Makao makuu ng'ambo ya mpaka,
matawi kumi na saba, la kumi na nane letu.
Sisi tuliozoea kupiga hodi kwenye dirisha la nondo
tukakabidhiwa vikapu vyenye magurudumu.

Nikasukuma. Nani asingesukuma?
Sakafu unajiona meno.
Maziwa ya nchi tatu yamesimama kwa kimo kama wanafunzi mstarini,
na zabibu, zabibu jamani,
zimepanda ndege kuja kulala kwenye barafu
mwendo mfupi tu kutoka mashamba ya Hombolo,
bei mara nne.
Nilizinunua. Nilitaka kujua zabibu mgeni ana ladha gani.
Ladha ya maji.

Na msichana wa kaunta, kucha nyekundu:
"Kadi yetu unayo?" Ninayo.
Mashine inalia tii, pointi tatu.
Marehemu mume wangu hakuwahi kunihesabia chochote namna ile.

Kwa Ndahani nikaacha kupita.
Nilizunguka nyuma, kwa kinyozi,
mfuko wa Shamiri nimeukunja ndani ya mkoba
kama mtu anayetoka kwa mganga.

Si malaika yule, msinielewe vibaya.
Mizani yake ina jiwe linalojua kwao.
Akikosa chenji anakupa pipi.
Mlenda wake una mchanga,
na ukimuuliza sukari bei gani, anajibu,
"Kwani jana ulikula chumvi?"
Lakini ule mwaka mshahara ulipokwama miezi miwili
alinipimia unga wa uwele, alizeti nusu chupa, sabuni kipande,
akaandika kwa kalamu iliyofungwa kamba:
Mwl. Nyemo.
Hakuuliza kitambulisho.

Shamiri ilianza kufa kwa mkate.
Siku moja haukuwepo. Kisha mayai.
Kisha rafu zote wakazijaza siki,
chupa za siki ukuta mzima,
kana kwamba Dodoma nzima tuna kachumbari ya kumaliza.
Wa kucha nyekundu, kucha zimebanduka rangi,
akaninong'oneza hajalipwa tangu Pasaka.
Jumatatu nikakuta mnyororo,
na ule mlango ulionifahamu
ukanitazama tu.
Karatasi kwenye kioo:
TUNAWASHUKURU WATEJA WETU WAAMINIFU.

Jioni nikaenda dirishani
na hotuba yangu tayari: semina Kondoa, mguu, mafua.
Ndahani hakuinua macho.
Akalamba kidole, akarudi nyuma, nyuma zaidi,
kurasa zenye alama za mafuta ya taa, mtaa mzima umo,
wengine wamepigwa mstari,
wengine msalaba na tarehe ya mazishi.
Mimi sikupigwa chochote.

"Elfu saba na mia nne," akasema.
"Hukuhama wewe. Ulikuwa unadaiwa."

Nikalipa elfu tano. Zilizobaki akazihamishia ukurasa mpya,
akapima sukari, jiwe likaelekea kwao,
nikanyamaza.

"Na ile kadi yenu ya plastiki," akasema,
"niletee, nikabie dirisha. Linagonga usiku kucha na upepo huu."

Nikamwambia nilishaitupa.

Iko hapa. Nimeifuta vumbi sasa hivi.
Huwezi kujua. Watu hufunga, watu hufungua.