Namba 214

Mnada wa Ludlow, asubuhi ya mvua.
Kazi yangu kubeba: nainua picha, nasimama, sipumui.

Fahali wa mwaka 1809, mnene kama ghala,
miguu vijiti vya kiberiti.
Tajiri wake alimlipa mchoraji kwa ratili, nadhani,
brashi ikamnenepesha kuliko malisho yoyote.

Bwana Pargeter anamulika tochi nyuma ya turubai,
ananusa gundi, anaguna,
anaandika kitu kiganjani.
Mjane Tunnicliffe, mwenye mali, anatazama viatu vyake.

Elfu nne. Tano na nusu.
Simu kutoka Kentaki yasema sita.
Mafahali wawili wapiganapo…
ila nyasi hizi ni za rangi ya mafuta, haziumii.
Nane! Mara ya kwanza, ya pili,
nyundo.

Orodha inalo jina la fahali, la tajiri, hata la zizi.
Yule mtoto pembeni, mshika kamba,
kofia imemzidi, kidole gumba kimefungwa kitambaa,
ameandikwa: “na mchungaji.”

Siku tatu tulitazamana stoo, mimi naye.
Sasa nawashusha ngazi, kuelekea garini.
Fahali ananielemea mkono wa kulia.
Upande wa mtoto,
kama sijashika kitu.