Tatu Zilizopungua

Kitabu kiliandikwa na mtu wa pwani, nadhani.
Kinasema maji huchemka kwa nyuzi mia.
Hapa Njombe, mwezi wa saba, juu ya jiko la mkaa wa muwati,
zebaki ilipanda hadi tisini na tatu, ikagoma.
Maji yanatokota, mvuke umejaa maabara,
yenyewe haisogei.

"Kimeharibika," alisema Atupele Mgaya.
"Hakijaharibika," alisema Mwalimu Nyagawa. "Tuko juu.
Huku hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji.
Andikeni mnachokiona."

Jiwe la mizani tuliliazima dukani kwa Mligo:
gramu mia mbili, nyuma lina ukungu wa kijani.
Limepima sukari tangu hatujazaliwa,
leo linapimwa lenyewe.
Chuma, au shaba?

Tukalichomoa kwa uzi kwenye maji yanayochemka,
tukalitumbukiza upesi kwenye kopo la maji baridi,
gramu mia mbili nayo, nyuzi kumi na mbili,
kopo limevishwa mkono wa sweta langu la zamani.
Tukakoroga. Tukangoja.
Jiwe lilishuka nyuzi sabini na nne.
Maji yalipanda saba.

Saba tu!
Maji ni kama bibi yangu mzaa mama:
mpe habari nzito upendavyo, uso hautikisiki.
Kilo yake moja haipandi nyuzi moja
mpaka uilipe jouli elfu nne na mia mbili, taslimu.

Nikaandika: joto lililotoka ni sawa na joto lililoingia.
Mia mbili huku, mia mbili kule, zikafutana
kama madeni ya ndugu.
Elfu nne na mia mbili mara saba,
gawanya kwa sabini na nne:
mia tatu tisini na saba.
(Atupele, aliyeamini kitabu kuliko macho yake,
alianzia nyuzi mia, akapata mia tatu sitini na tatu,
metali isiyo na jina.)
Chuma ni mia nne na sitini. Shaba, mia nne.
Shaba, basi. Mligo hakutudanganya.

Lakini tatu zangu zimekwenda wapi?
Kitabu kinajibu kwa upole:
chukulia kwamba hakuna joto lililopotea.
Chukulia!
Dirisha la nyuma halina kioo tangu ile mvua ya mawe,
upepo unaingia bila hodi,
tunaandika kwa mkono mmoja, wa pili uko kwapani,
na huyu mtu anasema chukulia.
Chini ya jibu nikaongeza mstari:
*Tatu zilizopungua zimepitia dirishani.*

Mwalimu alisoma. Akanipa vema. Hakucheka.
Kesho yake alikuja na boksi la majani ya chai,
misumari minne mdomoni,
akavua viatu, akapanda juu ya meza.