Alama au Nzi

Kibonye cha kistari kilikufa mwezi Machi.
Vumbi la saruji lilipeperuka kutoka kiwandani
likaingia mashineni, likalala chini ya chuma kile,
nami nikasema, si kitu, nani anakihitaji?
Herufi zangu zote nzima. Nukta ipo, mkato upo,
na hapa Tororo, mkabala na ofisi za wilaya,
watu huleta hati za mashamba, kesi za mbuzi, maombi ya karo.
Elfu moja kwa ukurasa. Kaboni juu yako.

Akaja Mwalimu Ekisa wa fizikia,
shati limepigwa pasi hadi linang'aa mabegani.
Mkataba ulikuwa unaisha. "Naomba kutia sahihi tena,"
alinieleza kwa Kiswahili, lakini barua
ilikuwa ya Kiingereza, kwa mkono wake,
na mimi Kiingereza hukichapa kama anayechambua mchele:
nikiona cheusi, natupa.

Katikati ya neno moja palikuwa na doa.
Re, doa, sign.
Nikajua ni nzi wa hotelini kwa Nabwire,
hao wanaotua popote na kuacha sahihi yao.
Nikaunganisha neno. Nakala tatu, safi.

Bodi ilijibu upesi kuliko ilivyowahi kujibu jambo lolote:
imepokea kujiuzulu kwake kwa masikitiko,
inamtakia heri aendako,
arudishe ufunguo wa nyumba na vitabu vitatu vya maktaba.

Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga.
Alizilaza karatasi mbili mezani, yake na yangu.
"Mama Athieno, tazama hiki kijiti.
Kikiwepo, nabaki. Kisipokuwepo, nimeaga."
Kijiti kifupi kuliko ukucha wa mtoto mchanga
kilikuwa kimeshikilia vyumba viwili, mshahara,
na mihogo nyuma ya jiko, bado haijakomaa.

Nikajitetea. Lugha gani hii ya kuning'inia penye uzi?
Kwetu tunagandisha tu: nitakapowarudishia
ni neno moja, limembeba mtu na wakati wake,
wanaomdai, na deni lenyewe, wala haliombi kamba.

Akacheka kidogo. "Maneno ya Kiingereza ni wapangaji,
kila moja na mlango wake.
Kistari ni wawili kukubali kuishi pamoja
majirani wakiwaona. Wakizoeana mno, kinaondoka.
Hata neno lao la 'leo' lilipitia humo:
mawili, kisha kijiti, sasa moja,
na hakuna anayekumbuka harusi."

"Na ukingoni mwa ukurasa?" Hilo nililijua,
nililisoma chuo cha taipu, Mbale:
neno likikosa nafasi unalikata, una-
mwambia msomaji, subiri,
sijamaliza.

"Hapo," akasema, "ndipo nilipo."

Tukaandika upya. Niliacha pengo,
nikachukua kalamu, nikachora kistari kwa mkono,
nakala sita, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza.
Cha nne kilipinda. Akasema kiache.

Bodi haijajibu. Nyumba amepewa kijana wa kemia.
Kila Alhamisi Mwalimu huja kuulizia barua,
huketi kwenye benchi langu, huwasahihishia wateja
maombi yao bila malipo, jambo linalonikera,
ingawa chai namwagizia.
Kibonye nimekisafisha kwa petroli na unyoya wa kuku.
Kinagonga, kwa kusitasita.

Na mtu akinipa karatasi, hata iwe ya mbuzi,
kwanza naiinua kwenye mwanga wa mlangoni,
naweka kidole penye kila doa, nauliza:
hii ni alama, au ni nzi?